Kwa nini Marekani inang'oa mitambo ya Huawei vijijini mwake?

Mara kwa mara katika taarifa zetu za habari mnasikia Marekani ikiituhumu Huawei, kampuni ya China. Tuhuma zenyewe ni zipi?

Unapopiga simu, sauti yako haiendi moja kwa moja kwa mwenzako. Inafika kwanza kwenye mnara, kisha mitambo ya kampuni ya simu ndiyo inayoipeleka. Aliyetengeneza mitambo hiyo huendelea kutuma programu mpya za kuiendesha, kwa hiyo njia ya kuingia anayo. Marekani inahofia kuwa serikali ya China inaweza kuiamuru Huawei isikilize mawasiliano, au hata izime mtandao wakati wa vita. Sheria ya ujasusi ya China ya mwaka 2017 inayataka mashirika na raia wasaidie kazi hiyo.

Huawei inakanusha. Oktoba 2012 kamati ya bunge la Marekani ilionya dhidi yake na ZTE, lakini ripoti iliyotolewa hadharani haikuonyesha ushahidi wa wazi wa upelelezi. Wanaotuhumu wanasema ukisubiri ushahidi umechelewa. Na tusisahau: mwaka 2014 nyaraka za Edward Snowden zilionyesha kuwa Marekani yenyewe ndiyo iliyodukua kompyuta za Huawei.

Mzigo umewaangukia watu wa vijijini. Kampuni kubwa za simu za Marekani zilijiepusha mapema; zilizonunua mitambo hiyo ni ndogo ndogo za mashambani, kwa sababu ya bei nafuu. Baada ya sheria ya mwaka 2020 zikaanza kuing'oa, kwa ahadi ya kufidiwa. Bunge likatenga dola bilioni 1.9, wakati gharama zilizokubaliwa zilikaribia bilioni 5. Nyingine zikaonya kuwa zitalazimika kuzima minara, na wateja wao hawana mtandao mwingine. Fedha zilizopungua ziliidhinishwa Desemba 2024, miaka minne baadaye.

Afrika Mashariki, Huawei ingali mjenzi mkubwa wa mitandao. Tangu 2015 hata M-Pesa ya Kenya inaendeshwa kwa mfumo wake. Januari 2018 gazeti la Ufaransa, Le Monde, liliripoti kuwa data za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililojengwa na China, zilikuwa zikipelekwa Shanghai kila usiku. China na Umoja huo zilikanusha.