Kufuli Linalobaki Umeme Ukikatika

Mwaka 2003 kampuni ya WENRECo ilipokabidhiwa huduma ya umeme West Nile, Uganda, wakazi wa Arua walikuwa wamezoea jenereta za dizeli zilizowaka saa chache za jioni. Kompyuta za mezani ziliingia ofisini na kwenye maduka ya kuchapa zikikuta stima ya kubahatisha. Hapo karani akakutana na ujumbe wa ajabu: programu tayari imefunguliwa. Wapi? Mashine yenyewe ndiyo kwanza imewashwa.

Ujumbe huo una asili yake. Nakala mbili za programu zikiandika kwenye faili moja la hesabu, ya pili yaweza kufuta mauzo yaliyoingizwa na ya kwanza. Mwaka 1965 mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alichapisha njia ya kuzifanya kazi kadhaa zipishane, isiingie zaidi ya moja mahali pa hatari. Windows ya kwanza, ya 1985, iliiarifu kila programu inayoanza kama nakala yake nyingine iko wazi. Windows NT ya 1993 ilipoitengea kila programu kumbukumbu yake, taarifa ile ikabaki tupu, na watengenezaji wakageukia mutex: jina linalotunzwa na kiini cha mfumo. Nakala iliyotangulia kulishika huendelea, inayofuata hujiondoa.

Mutex hufa pamoja na programu.

Watu wa mfumo wa Unix, kwa upande wao, walizoea faili la kufuli. Programu huliunda kwenye diski inapoanza na kulifuta inapofungwa kwa utaratibu. Firefox imerithi desturi hiyo, na LibreOffice huweka kando ya waraka faili dogo lenye jina la aliyeufungua. Stima ikikatika ghafla, hakuna wa kulifuta. Wengine waliandika ndani yake namba ya programu, ili ijulikane kama bado i hai. Lakini kompyuta ikiwashwa upya namba hugawiwa tena, na programu nyingine yaweza kuangukia ileile.

Dawa ilikuwepo tangu 1983, toleo la Unix liitwalo BSD 4.2 lilipoleta flock, kufuli ambalo kiini hulifungua chenyewe programu ikifa. Haikuenea kila mahali, kwa sehemu kwa sababu kwa muda mrefu haikuaminika kwenye diski zinazoshirikiwa kwa mtandao. Basi mzigo ukamwangukia fundi wa Arua au Koboko, anayelitafuta faili lililokwama na kulifuta kwa mkono.

Kuhusu stima yenyewe, mwaka 2012 mtambo wa umeme wa Nyagak, wilayani Zombo, ulianza kutoa megawati 3.5. Baadaye gridi ya taifa ikafika Arua kwa njia ya kilovolti 132.