Bugendana na kalenda yetu

Wiki hii tunaandika juu ya Bugendana, mkoani Gitega. Wengi wetu hapa Muyinga jina hilo tunalisikia tu kwa madereva. Lakini inafaa tulijue, juu waliouawa pale walikuwa watu wa kambi kama sisi.

Wao hawakuvuka mpaka. Walikuwa Warundi, wengi Watutsi, waliokimbia vilima vyao baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Alfajiri ya tarehe 20 Julai 1996 kambi yao ikashambuliwa. Walikufa zaidi ya 300, wengi akina mama na watoto. Tarehe 23 Rais Ntibantunganya alifika mazishini, akatupiwa mawe. Siku mbili tu, jeshi likampindua na Buyoya akarudi. Sasa muulize mtu yeyote mwaka 1996 kulitokea nini Burundi. Atakujibu: mapinduzi. Wale akina mama hawataji.

Jirani na hapo kuna Karusi. Mwanzoni mwa 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi karibu na mto Ruvubu, ikatangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000 waliouawa 1972. Wengine ndugu zao waliwatambua kwa nguo, miwani, rozari. Miaka 48 bila kaburi! Kisheria tume ilipewa kuchunguza kuanzia 1885 hadi 2008, kwa hiyo na Bugendana imo. Lakini wapo wanaolalamika kwamba 1972 imepewa nguvu kuliko 1993 na 1996. Sisi tunaona malalamiko hayo yana haki, na waliongoja miaka 48 nao wana haki.

Ni rahisi kusema hivyo juu ya Warundi. Tulipotengeneza kalenda ya kumbukumbu ya kikundi chetu, tuligombana nusu siku. Mmoja alitaka Gatumba, 13 Agosti 2004, ambapo wakimbizi zaidi ya 150, wengi Banyamulenge, waliuawa. Mwingine akasimama: kwani Makobola, mwisho wa 1998, wale Babembe hawakuwa watu? Hao wawili walikuwa hata salamu hawapeani. Tuliandika zote mbili, kwa kalamu moja, herufi sawa. Hawakukumbatiana, tusidanganyane. Ila hakuna aliyetoka.

Halafu tukaona aibu nyingine, hii ya kwetu wenyewe. Majina tuliyokusanya kwa wazee: wanaume wameandikwa jina na jina la baba. Wanawake ni "bibi ya fulani", "mama fulani". Watoto ni hesabu tu, "wanne". Tulikuwa tumeuliza wazee wanaume peke yao, juu ndio wanaokaa mbele kwenye mikutano.

Kwa hiyo daftari halijafungwa. Jumamosi tunarudi na kalamu kwa akina mama, pale wanapochota maji. Mwenye jina la mama yake au dada yake, alete lile alilopewa akizaliwa.