Mkuyu na Safari ya Jina Lake

Msomaji wa Injili ya Luka katika Kiswahili humkuta Zakayo, mtu mfupi wa kimo, amepanda mkuyu ili amwone Yesu akipita Yeriko. Hahitaji kuelezwa mti huo ni upi, kwani aghalabu aujua kando ya mto wa kwao. Mwingereza asomapo neno sycamore hufikiria mti mwingine kabisa. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi jambo hilo lilivyotukia, na kwa nini lawahusu wafasiri wetu.

Mkuyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus sycomorus, ni wa jamii ya mtini, na asili yake ni Afrika ya kitropiki. Matunda yake, makuyu, huota kwa vishada juu ya shina na matawi makubwa, na nyigu wadogo huingia ndani yake kuchavusha maua. Ndiyo maana kuyu hupigiwa mfano wa kitu kizuri kwa nje ambacho ndani kina wadudu. Wamisri wa kale waliupanda mti huu, wakachonga majeneza kwa mbao zake na kuuhusisha na mungu wao wa kike Hathor. Lakini nyigu auchavushaye hayuko Misri. Huko makuyu yalichanjwa kwa kisu ili yaive, na mti ukaenezwa kwa kupanda vipande vya matawi. Mti usiotoa mbegu hauendi mbali pasipo mkono wa mtu. Basi yaelekea watu ndio walioufikisha huko kutoka kusini.

Waebrania waliuita shikma. Wayunani waliuita sykomoros, jina linalofasiriwa kwa maneno mawili: sykon, yaani tini, na moron, yaani forosadi. Hata hivyo, wataalamu wengi hudhani kwamba hapo neno la Kisemiti lilivutwa lifanane na maneno ambayo Wayunani walikwisha kuyazoea. Kutoka Kiyunani jina likapita katika Kilatini na Kifaransa hadi Kiingereza. Uingereza haina mikuyu. Jina likaangukia mti mwingine wenye majani mapana, Acer pseudoplatanus. Wahamiaji waliovuka bahari wakaupa jina hilo hilo mti wa tatu wa Marekani, Platanus occidentalis. Miti hiyo mitatu ni ya jamii tatu mbalimbali.

Huku kwetu jina halikuuacha mti wake. Mswahili husema mkuyu, Mkikuyu mũkũyũ. Jina Gĩkũyũ lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa mkuyu mkubwa, kiambishi gĩ- kikionyesha ukubwa. Kiambishi hicho asili yake ni ki-. K iligeuka g kwa kuwa shina nalo laanza kwa k. Kiswahili, kisicho na kanuni hiyo, kiliihifadhi k, kisha kikaifanya ki- kuwa sehemu ya shina, tukapata Mkikuyu na Wakikuyu.

Basi, mfasiri akutanapo na sycamore hana budi kuuliza kwanza: ni mti wa nchi gani? Akiandika mkuyu katika hadithi ya mashambani Uingereza, atakuwa ameotesha mti usioota huko. Vivyo hivyo, aandikaye mtini tu kwa mũkũyũ na mũgumo huwapotezea wasomaji miti miwili iliyo tofauti, na mũgumo ndio uliokuwa mti wa ibada. Kamusi zetu zitaje mti wenyewe, wala zisitosheke na tafsiri ya neno lililokwisha kupotea njia.