Vumbi Lililovuka Bahari

Wakati wa kiangazi hapa Mabatini vumbi huingia mpaka mtungini. Je, ni udongo mtupu?

Januari 1832, Mwingereza Charles Darwin alifika kwa merikebu visiwa vya Cape Verde, magharibi ya Afrika. Kitambaa juu ya mlingoti kilikuwa kimenasa vumbi jembamba kutoka bara. Akalihifadhi. Baadaye Profesa Ehrenberg wa Berlin alipima kwa hadubini vifurushi vitano vya vumbi la namna hiyo, akakuta maumbo 67 ya viumbe vidogo na mimea.

Tangu hapo wataalamu wamethibitisha kwamba vijidudu viitwavyo bakteria huvuka Atlantiki vikiwa hai ndani ya vumbi la Sahara. Vingi havidhuru, vichache huleta ugonjwa.

Vumbi letu la njiani nalo hubeba vijidudu. Basi, funikeni maji na chakula.

Swali: Ehrenberg aliona nini vumbini?