Seli shina na magoti yanayosagika: tiba imefika wapi?

Ukibeba mikungu ya ndizi miaka thelathini katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, goti hukumbusha. Asubuhi limekaza, kushuka mteremko ni maumivu. Watu husema magoti yamesagika. Kitaalamu ni ostioathraitisi: gegedu, tabaka telezi linalofunika ncha za mifupa, hulika kidogo kidogo, na mwili haiwezi kuiotesha vizuri.

Ndiyo maana seli shina zimeleta matumaini. Hizi ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, za gegedu zikiwemo. Daktari huzivuta kwenye uloto wa nyonga au mafuta ya mgonjwa mwenyewe, au huzipata kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa, kisha huzidunga gotini. Lengo ni kuwahi gegedu ikiwa bado ipo.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa wa goti zaidi ya 470. Aina tatu za tiba ya seli zilishindanishwa na sindano ya steroidi, dawa ya zamani na nafuu. Baada ya mwaka mmoja, hakuna iliyoishinda steroidi katika kupunguza maumivu. Utafiti unaendelea, ila kwa sasa hii si tiba iliyothibitishwa.

Hapa nchini seli shina zinatumika kweli, lakini kwa magonjwa ya damu. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Anayekuuzia vidonge vya "seli shina" za tufaha kwa ajili ya goti anauza jina tu. Seli ya tunda haigeuki gegedu ya mtu. Tumbo huimeng'enya kama chakula kingine. Usiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

Kinachosaidia mapema ni cha kawaida mno, labda ndiyo sababu hakitangazwi. Imarisha misuli ya paja: kaa kwenye kiti, simama bila kujishika, rudia kila siku. Mwenye uzito mkubwa apunguze, kwani kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Mkungu upande baiskeli. Dawa ya maumivu, hata ya kupaka, uandikiwe na mtaalamu.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi, si kusagika.