Bunduki Mbovu na Mafundi Wake katika Njia ya Mgunda Mkali

Waandishi wa historia ya Afrika ya Mashariki, wanapoeleza vita vya karne ya kumi na tisa, aghalabu huhesabu bunduki. Hesabu hiyo ina msingi wake, kwani mwaka 1888 Balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Walakini hesabu ya bunduki zilizoingia si hesabu ya bunduki zilizolia. Kati ya mambo hayo mawili lipo la tatu ambalo halikuandikwa sana, nalo ni matengenezo: bunduki ilipoharibika ilitengenezwa na nani, na kwa ujuzi gani?

Nchi ambayo leo ni Wilaya ya Manyoni yafaa sana kwa uchunguzi huo. Hapo ndipo njia kuu ya misafara ilipotoka Ugogo na kuingia katika nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, kabla ya kufika Unyanyembe. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Maji yalikuwa haba, vijiji vichache, na hofu ya kushambuliwa haikuwaondoka wasafiri. Upande wa magharibi, katika Ukimbu, Nyungu ya Mawe alijenga utawala wake kwa nguvu ya rugaruga mpaka alipofariki mwaka 1884. Katika nchi ya namna hiyo bunduki ilikuwa mlinzi wa mali na alama ya cheo. Ilipovunjika hapo, mwenyewe alikuwa mbali na pwani kwa safari ya majuma mengi.

Nyingi za bunduki hizo zilikuwa kuukuu tangu siku ya kununuliwa. Majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha, zile za zamani ziliuzwa kwa wafanya biashara, nazo zikaletwa pwani. Gumegume huwashwa kwa cheche ya jiwe, na gobori la fataki huwashwa kwa pigo la nyundo. Zote mbili hushindiliwa baruti na risasi mdomoni, na moto huingia kwa kifa, yaani tundu dogo lililo karibu na tako la kasiba. Uhai wa bunduki ya namna hii umo katika vitu vitatu: kasiba isiyo na ufa, kifa chembamba, na kamani ya mtambo yenye mnepo.

Mtengenezaji wa kwanza alikuwa mwenye bunduki mwenyewe. Kitako kilichopasuka kilivikwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi ikikauka hujikaza, na mti ukashikamana barabara. Dawa hiyo ilikuwa nzuri, na kwa uzuri wake ikadanganya, kwa maana mtu aliyeponya kitako kwa ngozi alishawishika kuiponya na kasiba vivyo hivyo, kwa ngozi au kwa uzi wa shaba. Lakini kitako hubeba teke tu, na kasiba hubeba nguvu yote ya baruti. Ngozi iliufunika ufa, haikuuziba.

Mtengenezaji wa pili alikuwa mhunzi wa kijiji, naye haifai kudharauliwa. Wahunzi wa Unyamwezi na nchi jirani walijua kufua majembe, mikuki na mishale kwa ustadi mkubwa. Shida ni kwamba chuma cha jembe na chuma cha kamani vina tabia mbalimbali. Kamani hutaka chuma cha pua, kipashwe moto, kizimishwe, kisha kirudishwe katika moto wa polepole ili kisiwe na wepesi wa kukatika. Kamani iliyofuliwa kwa chuma laini ilipinda isirudi. Iliyozimishwa majini bila kurudishwa motoni ilikatika kama kioo. Na kifa kilichozibwa na kutu, kikizibuliwa kwa msumari wa moto, kilipanuka, na moto wa baruti ukamrukia mpigaji usoni. Gharama ya kosa hilo haikulipwa na mhunzi wala na mfanya biashara. Ililipwa kwa jicho au vidole vya mpagazi, mlinzi au mwindaji.

Wa tatu ni fundi wa bunduki hasa. Burton alieleza kwamba huko Kazeh, karibu na Tabora ya leo, walikuwapo mafundi wa kazi mbalimbali waliopanda kutoka pwani pamoja na misafara. Bunduki ilipomfikia fundi aliyeijua kazi, kazi ya kwanza ilikuwa kuyatengua matengenezo ya waliotangulia. Aliutia mdeki ndani ya kasiba na kuupima kwa nje, apate kujua kama imo baruti iliyosahauliwa. Kisha aliikata ngozi, akaufungua mtambo, akakiziba kifa na kukitoboa upya. Ufa uliokuwa karibu na mdomo aliweza kuuondoa kwa kuikata kasiba. Uliokuwa karibu na tako hauna dawa, na fundi mwaminifu aliikataa bunduki hiyo.

Watawala wengine waliutambua uzito wa ufundi huo. Alexander Mackay, mhandisi wa misheni aliyefika Buganda mwaka 1878 kwa ajili ya dini, alitafutwa kwa ajili ya karakana yake, zikiwamo bunduki za kutengenezwa. Mbali zaidi, huko Afrika ya Magharibi, Samori Touré, aliyekamatwa na Wafaransa mwaka 1898, alikuwa na wahunzi walioweza kuiga bunduki mpya za kutiwa risasi kwa nyuma.

Kisha ikaja sheria. Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 yalizuia bunduki mpya zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, yakaacha nafasi, kwa masharti, kwa gumegume na baruti ya kawaida. Hivyo silaha iliyobaki mikononi mwa wanavijiji ni ile ya zamani, ambayo haina budi kutengenezwa tena na tena. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ikiwa imekwisha kupita Manyoni, njia ya kumfikia fundi ilifupika. Lakini asiye na kibali alikuwa na njia nyingine ndefu, nayo ni hofu. Hali hiyo haijakwisha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka kila silaha iwe na kibali, na katika wilaya inayopakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi sababu ya ulinzi huo ni wazi. Hata hivyo gobori lisilo na kibali haliwezi kupelekwa kwa fundi halali. Hubaki kwa asiyejua, mpaka lisalimishwe au limpasukie mwenyewe.

Basi mwanafunzi akutanaye na bunduki kuukuu katika nyumba ya makumbusho asitosheke na chapa ya kiwanda kilichoifua. Na autazame uzi wa shaba, ngozi iliyokauka, na kifa kilichopanuka. Chapa humwambia bunduki ilitoka wapi. Viraka humwambia ilikaa na nani, ilikuwa na nguvu gani, na kama mtu aliyeishika katika Mgunda Mkali alikuwa na sababu ya kumwogopa adui kuliko kuiogopa silaha yake mwenyewe.