Pembetatu ya Ilemi ina pande ngapi?

Kama ulisoma Kakuma kama mimi, utakumbuka: mwalimu wa hesabu anauliza pembetatu ni nini, darasa zima tunaitikia kwa Kiingereza cha kukariri. Nje tunarudia kwa Kiswahili: pande tatu zilizonyooka, pembe tatu, jumla digrii 180. Yameisha. Hakuna wa kubisha.

Juzi hapa Juba mpwa wangu alitandaza ramani mbili mezani, rula mkononi. Akaweka kidole kule kusini-mashariki, tunakopakana na Kenya na Ethiopia. "Mjomba, hii si ndiyo Pembetatu ya Ilemi? Mbona kila ramani ina umbo lake?"

Nilitaka kumjibu haraka, nikashindwa.

Euclid, yule Mgiriki wa miaka kama 2,300 iliyopita, alieleza mpaka kabla ya umbo. Mpaka ni mwisho wa kitu, na umbo ni kile kilichofungwa na mipaka. Kwa hiyo mipaka kwanza, umbo baadaye. Ilemi ni kinyume: jina la umbo tunalo, linalotokana na Ilemi Akwon, chifu wa Waanyuak, lakini mipaka bado inabishaniwa.

Ubishi ulianzia kwenye sentensi moja. Mwaka 1914 Waingereza waliamua mpaka wa Sudan na Uganda, maana Turkana ilikuwa bado upande wa Uganda. Ilihamishiwa Kenya mwaka 1926. Walisema mstari uanzie ufuoni mwa Ghuba ya Sanderson, kwenye ziwa tunaloliita leo Turkana, uende umenyooka hadi kwenye mgongo wa kilima unaotoka Mlima Lubur kuelekea kaskazini. Au uwe mstari utakaowaachia Waturkana malisho yao ya desturi.

Hilo "au" ndilo lililoharibu. Mstari mnyoofu unapimwa kwa rula, lakini malisho yanafuata mvua. Huwezi kusema upande wa pembetatu umenyooka, au upite popote ng'ombe walipozoea kula. Na ile ghuba yenyewe baadaye ilikauka, kwa hiyo hata kona ya kuanzia ilikimbiwa na maji. Tena sentensi hiyo iliwataja Waturkana peke yao. Watoposa, Wanyangatom, Wadasanech na sisi Wadidinga, ambao pia tuna mifugo kule, hatumo.

Baada ya hapo mistari ikazaana. Miaka ya 1930 ukaja Mstari Mwekundu, kaskazini ya ule wa 1914. Mwaka 1950 Sudan ikaweka mstari wa doria, mbali zaidi kaskazini-magharibi. Upande wa mashariki kuna mpaka wa Ethiopia, uliotokana na mkataba wa 1907. Tarehe 9 Julai 2011 tulipopata uhuru, tulirithi mzozo huo kutoka Khartoum. Kenya ndiyo inayolisimamia eneo hilo, na Juba inalidai.

Usifikiri ni mambo ya wachora ramani tu. Kakuma nilikaa deski moja na kijana Mturkana. Tuligawana kalamu, tuligawana hata maji. Lakini habari za ng'ombe walioibwa huko mpakani zikifika, na watu waliouawa, siku hiyo hatuongei. Kila mmoja anasema babu yake alichunga pale. Nikifikiri sasa, naona hakuna aliyedanganya. Babu zetu wote walichunga pale, msimu kwa msimu, kabla ya mtu kuleta rula.

Mpwa wangu alikuwa bado ananisubiri. "Sasa mjomba, niandike pande ngapi?"

Nikamwambia: kwenye mtihani andika tatu, usije ukakosa alama bure. Lakini hapa kwenye ramani, pembeni ya kila mstari andika mwaka wake na nani aliuchora. Akachukua penseli. Tulimaliza usiku, na nafasi pembeni haikutosha.